Kisa cha mawifi wawili na gunia la viazi

Kiazi mviringo kinachouzwa Mbeya hupimwa mara nyingi kabla hakijafika sufuriani. Shambani kinahesabiwa kwa gunia. Muuza chipsi anakinunua kwa ndoo, mama lishe kwa ndoo au kopo la sado, na mama wa nyumbani kwa sado au kwa fungu lililopangwa mezani. Kila mkono unaopokea mzigo unaupima upya, na riziki ya mwenye meza imo humohumo katika kupima upya. Kisa hiki kinahusu mawifi wawili walionuniana karibu msimu mzima baada ya mmoja wao kuleta mizani.

Niseme mapema kwamba familia hii nimeiunda mwenyewe. Nimechukua mambo ya wauza viazi wa masoko ya Soweto, Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya nikayakusanya kwenye nyumba moja. Fedha nitakazozitaja ni za mfano, nimeziweka ili hesabu ionekane, wala si bei ya soko ya siku yoyote. Sheria, mahali, na tabia za kiazi chenyewe ni za kweli.

Mwenye meza

Mwenye meza ni mama wa makamo, mtoto wa muuza viazi. Mama yake alikuwa na kizimba katika soko la zamani la Mwanjelwa, lile lililoteketea mwaka 2006. Wafanyabiashara wakahamia soko la Sido, nalo likaungua mwaka 2011, kisha tena mwaka 2017. Mtu aliyekulia katika historia hiyo hawezi kuwa na hamu ya kulaza mzigo sokoni. Ndiyo maana huyu mama haleti zaidi ya magunia mawili au matatu kwa safari, hata bei ikiwa imelala. Nimewahi kuwasikia watu wa semina za ujasiriamali wakiwaambia wanawake kama yeye waongeze mtaji na wanunue kwa wingi. Kwa jinsi ninavyoona, ushauri huo unafaa kwa mtu ambaye mzigo wake haujawahi kugeuka majivu.

Meza yake ni mbao juu ya miguu minne, na turubai juu. Mbele kuna mafungu, kila fungu limejengwa kwa viazi vichache chini na kimoja kizuri juu. Nyuma ya mafungu zimepangwa sado, yale makopo ya rangi ya lita nne ambayo nchi nzima imeyafanya kipimo. Chini ya meza kuna ndoo za wauza chipsi. Gunia lenyewe liko nyuma yake, limefunikwa, kwa sababu kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani na kuwa kichungu, na mteja wa Mbeya hadanganyiki kwa kiazi. Anakigeuza, anakikwangua kwa ukucha, anakinusa.

Kazi inayochosha zaidi ni ya alfajiri, kabla wateja hawajafika, nayo ni kuchambua. Gunia linamwagwa juu ya turubai, vikubwa vinakwenda huku, vya kati kule, vidogo pembeni, na mwishoni kunabaki lundo la viazi vilivyokatwa na jembe, vilivyooza, na udongo. Udongo huo ameulipia nauli.

Muuza chipsi wake mkubwa anachukua asubuhi na kulipa usiku, akishauza. Akikosa wateja kwa sababu ya mvua, halipi. Kuna daftari. Kuna pia mchezo wa wanawake wa safu ile, wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, ambao unamkinga asiingie kwenye mikopo ile ya riba kali ya kausha damu inayozunguka sokoni kwa pikipiki. Mwaka 2019 alikuwa na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha shilingi 20,000, vile vilivyotolewa na Rais Magufuli kuanzia Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Bado kipo kwenye pochi.

Wifi wa Uporoto

Viazi vinatoka kwa kaka yake mdogo, huko kwenye milima ya Uporoto, ukiacha lami ya Tukuyu pale Isyonje na kushika njia ya Kikondo. Ni nchi ya baridi na ukungu, na kiazi kinaipenda. Kikondo ni jina la kijiji na pia la mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, na wako wazee ambao hadi leo hawataki kusikia mbegu nyingine.

Nasema viazi vinatoka kwa kaka, lakini kaka ni jina tu. Anayelima ni mkewe. Mvua za Novemba zikianza kukolea yeye ndiye yuko kwenye matuta. Mvua zikizidi, ugonjwa wa ukungu unaingia kwenye majani, na shamba lisipopigwa dawa mfululizo linaweza kuwa jeusi ndani ya siku chache. Pampu ya dawa iko mgongoni kwake. Ugonjwa wa mnyauko ukiingia, dawa haisaidii tena. Unang'oa na kubadilisha shamba. Mwezi wa pili na wa tatu anachimba, na anayepiga simu mjini kwa dada kusema mzigo uko tayari ni kaka. Anayepokea fedha kwa simu ni kaka. Hili liwekeni akilini, maana mizani ilipofika ilikuja kupima mambo mawili kwa pamoja.

Bei baina yao ilikuwa ya kindugu: gunia 70,000, halijadiliwi. Gunia lenyewe lilikuwa lumbesa. Linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kichuguu juu na kufumwa kwa kamba, hadi linasimama kama mtu aliyevaa kofia ya baridi. Hakuna aliyeona ajabu. Magunia yote yanayoshuka kutoka milimani yalikuwa hivyo.

Siku ya mizani

Kikundi cha wanawake kijijini kilinunua mizani ya kuning'iniza. Kulikuwa na mnunuzi aliyefika akitaka kununua kwa kilo, 600 kwa kilo, na walitaka kujua wanauza nini. Wifi akatumia nafasi hiyo kupima gunia lililokuwa limefungwa kwenda kwa dada wa mumewe. Likasoma kilo 140.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haina mzaha hapa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilisema hilo kila msimu kwenye redio na mikutano ya vijiji. Wifi alilijua kwa kusikia. Siku hiyo alilijua kwa macho. Akapiga hesabu ya harakaraka: kilo 140 mara 600 ni 84,000, na yeye analipwa 70,000. Kumbe kila gunia limemwacha na pengo la 14,000, tena pengo lililochimbwa na ndugu.

Alishuka mjini mwenyewe na mzigo, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Mazungumzo yao, kwa kifupi, yalikuwa hivi.

"Wifi, shikamoo. Nimekuja na maneno."

"Marahaba wifi. Karibu, kaa kwanza, unywe chai."

"Chai nitakunywa. Hizi kilo arobaini za juu, mnazila na nani?"

Mwenye meza hakujibu kuhusu kilo. Alimwangalia binti aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi vya mchana, mtoto mkubwa wa huyohuyo wifi, anayesoma sekondari mjini na kulala kwa shangazi yake tangu kidato cha kwanza.

"Na huyu anayekula kwangu, mizani yako imempima?"

Pale ndipo waliponuna. Chai ilipoa.

Nani alikuwa na haki

Mtu akisikia kisa hiki haraka atampa haki mkulima. Lumbesa imesemwa vibaya bungeni, vijijini na magazetini, na kweli ni kinyume cha sheria. Lakini tukiishia hapo hatujachambua kitu, maana hatujamwuliza mwenye meza anabaki na nini.

Tufungue gunia lile la kilo 140. Amelinunua 70,000. Nauli ya gari pamoja na vijana wa kupakia na kushusha ni 10,000. Sehemu ya ushuru wa meza na mengineyo madogo, 2,000. Jumla 82,000. Likimwagwa, kilo 10 ni udongo, vilivyokatwa na vilivyooza. Vinabaki kilo 130. Vikubwa ni kilo 54, yaani ndoo tatu za kilo 18, kila moja 14,000, anapata 42,000. Vya kati kilo 48, sado kumi na sita za kilo tatutatu kwa 2,500, anapata 40,000. Vidogo kilo 28, mafungu ya 500 yenye kilo moja moja, 14,000. Jumla ya mauzo 96,000. Faida 14,000, kwa siku tatu, kama muuza chipsi amelipa.

Sasa rudi kwenye hesabu ya wifi. Anadai pengo la 14,000. Faida ya mwenye meza ni 14,000 ileile. Akilipa 84,000 anazodaiwa, gharama zake zinakuwa 96,000 na mauzo yake ni 96,000. Amekaa juani siku tatu bure, na mtoto wa wifi amekula.

Kwa hiyo hakuna utajiri uliofichwa mjini. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wanaoandika kuhusu masoko yetu wanadhani kati ya bei ya shamba na bei ya meza kuna mtu mnene amekaa. Katika minyororo mirefu ya kwenda Dar es Salaam yupo, wakati mwingine wako watatu. Kwenye meza ya viazi ya Mbeya, pengo lile ni ujira wa mwanamke mmoja.

Lakini je, wifi ameibiwa? Hapa ndipo penye utamu wa kisa. Yule mnunuzi wa kilo wa 600 hakununua gunia. Alichagua. Vidogo alivikataa, vilivyokatwa alivikataa, na udongo hakuutaka. Wifi alichukua bei ya viazi vilivyochaguliwa akaizidisha kwa uzito wa viazi visivyochaguliwa. Ndani ya lile gunia la 140, viazi ambavyo mnunuzi yule angevikubali ni vikubwa 54 na vya kati 48, jumla kilo 102. Kwa 600 ni 61,200. Dada wa mumewe mjini alimlipa 70,000 kwa gunia zima, taka zikiwemo. Ukilitazama hivyo, vidogo na taka vilikuwa vimelipiwa 8,800.

Mwenye meza naye asishangilie. Analijua fika jambo ambalo halisemi mbele ya wifi: gunia linalotoka shambani lina tumbo, na tumboni ndimo vinamowekwa viazi ambavyo havitakiwi kuonekana. Juu vizuri, pembeni vizuri, katikati vidogo na vyenye majeraha ya jembe. Mnunuzi hawezi kulimwaga gunia shambani, kwa hiyo anajilinda kwa kudai kichuguu juu. Mkulima akiona kichuguu kinadaiwa, naye analijaza tumbo zaidi. Mwaka hadi mwaka gunia linavimba, debe sita, debe saba na zaidi, na kila upande unaamini unajilinda dhidi ya wizi wa mwenzake. Lumbesa ni bima ya watu wasioaminiana, na waliokuwa wanakatiana bima hii walikuwa ndugu.

Ndiyo maana mizani peke yake haikuweza kumaliza ugomvi. Mizani inapima uzito. Tumbo la gunia hailioni.

Anayehesabu magunia

Kuna upande wa tatu ambao hakuna aliyeutaja wakati wa kununiana, nao ndio ninaoulaumu zaidi. Gari linalotoza nauli linahesabu magunia. Vijana wa kushusha wanahesabu magunia. Kwenye mageti ya ushuru, kwa miaka mingi, walihesabu magunia. Popote gunia linapokuwa ndiyo hesabu, kila mwenye akili atataka gunia lake liwe kubwa. Gunia la kilo 100 lingelipa nauli ileile ya 10,000 kama la 140. Ukimwambia mwenye meza aache lumbesa bila kugusa nauli, umemwambia apandishe gharama ya kila kilo kutoka kama shilingi 71 hadi 100. Atakuitikia vizuri, na kesho ataleta lumbesa.

Kwenye ushuru, sheria ilishageuka. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa kwenye ushuru huo. Magunia matatu ya mwenye meza, hata yakiwa lumbesa, hayafiki nusu tani. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo alikuwa bado anatoa kitu kidogo njiani kwa mtu mwenye kizuizi na asiye na risiti, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na kwa sababu kubishana saa kumi na moja alfajiri na mwanamume mwenye tochi si jambo jepesi. Aliyemwambia ni dereva.

Nauli haina sheria kama hiyo. Nauli ni mazungumzo.

Walichokifanya

Aliyewakutanisha ni mama mzaa chema, mama wa yule kaka na mwenye meza, mkwe wa wifi. Hakuwa na ufumbuzi wowote wa biashara. Aliwaita tu wote kwake Jumapili, akawalisha, na akasema hataki kusikia maneno ya viazi yakipitia kwa mwanaye wa kiume tena. Waongee wanawake wenyewe. Kaka, kwa kuwa mama kasema, alinyamaza. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilikuwa na thamani kuliko mizani. Kabla ya hapo wifi alikuwa anajua bei ya gunia kwa kusimuliwa, na fedha anaziona zikishapungua.

Makubaliano yalikuwa ya kawaida tu. Viazi vichambuliwe shambani. Vikubwa viwekwe kwenye viroba vyao, vya kati kwenye vyao, kila kiroba kilo 50 kwa mizani. Vikubwa 650 kwa kilo, vya kati 600. Vidogo vibaki nyumbani kwa wifi. Majirani watatu waungane kukodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa safari nzima, wagawane nauli kwa kilo. Fedha ziende kwenye simu ya wifi. Na binti wa shule awe na gunia lake moja kwa muhula, lisiloingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Hilo la mwisho halikupatikana kirahisi. Wifi aliona aibu kulitaja, kana kwamba mtoto analipiwa kwa shangazi yake. Mwenye meza aliona aibu zaidi. Lakini mtoto alikuwa tayari ndani ya bei, amefichwa kwenye kile kichuguu cha juu, na kila mmoja alikuwa akimhesabu kivyake kimoyomoyo. Kumtoa na kumwekea gunia lake kulifanya bei ya kilo iwe bei ya kilo.

Tuangalie kilo zilezile 102 chini ya mpango mpya. Vikubwa 54 kwa 650 ni 35,100. Vya kati 48 kwa 600 ni 28,800. Wifi anapokea 63,900, pungufu ya 70,000 za zamani kwa 6,100, lakini kilo 28 za vidogo ziko kwake. Sehemu inakuwa mbegu ya msimu ujao, ambayo angeitafuta kwa fedha, sehemu inaliwa, inayobaki wanapata nguruwe. Kwa mtu anayelima, kubaki na vidogo kwa 6,100 si hasara hata kidogo. Nina shaka moja tu: mbegu ya kujichagulia mwaka baada ya mwaka inabeba mnyauko kutoka shamba hadi shamba, na anayechagua vidogo kila mara anaweza kuwa anachagua vitoto vya mashina magonjwa. Wifi analijua hilo, na kila akipata fedha ananunua mbegu safi kidogo ya kuchanganyia.

Mwenye meza analipa 63,900, nauli ya kirikuu 5,100, meza 2,000. Jumla 71,000. Anauza ndoo na sado zilezile kwa 82,000, na kubaki na 11,000. Ni pungufu ya 14,000. Alilalamika wiki mbili za mwanzo. Kisha akaona jambo ambalo daftari lake halikuwahi kumwonyesha: mzigo unaisha siku ya pili. Vilivyokuwa vinamweka siku ya tatu ni vidogo, vikigeuka kijani huku mteja akipita. 11,000 kwa siku mbili ni 5,500 kwa siku, wakati ile 14,000 ya zamani ilikuwa chini ya 4,700. Na usingizi wa alfajiri umerudi, kwani kuchambua kumehamia Uporoto.

Ukizigawa gharama za zamani sawasawa kwa kila kilo, kila fungu la vidogo la shilingi 500 lilikuwa likimgharimu karibu 586. Alikuwa akiliuza kwa hasara miaka yote, na ndoo za muuza chipsi zikilifidia.

Ambayo hayakwenda

Ungetegemea basi kwamba alivisahau vidogo. Hakuvisahau. Baada ya muda aliwakosa watu fulani: wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba karibu, bibi mmoja anayenunua fungu moja kila jioni, vibarua wa ujenzi. Wateja wa shilingi 500. Walihamia meza ya jirani, na wakihamia kwa viazi wanahamia na kwa vitunguu vya pembeni, na mwisho wa mwezi mwanafunzi akitumiwa hela ya nyumbani ananunua sado kulekule alikozoea fungu. Sasa anaagiza debe moja la vidogo kwa kila safari, kwa bei ya chini aliyopatana na wifi, na analihesabu kama gharama ya kuweka watu mezani. Hesabu ya kilo ilikuwa sahihi ila haikuwa imewaona wateja.

Mizani nayo haikukubalika mezani. Alijaribu. Mteja mmoja alimwambia waziwazi kuwa mizani za sokoni zimechezewa, mwingine alitaka apimiwe kilo kisha aongezwe viwili. Nyongeza ndiyo iliyowashinda. Kwenye sado mteja anaona kopo limejaa, anaona na mkono ukiongeza kiazi juu, anaondoka ameridhika. Kwenye mizani nyongeza ni hasara inayosomeka kwa namba. Muuza chipsi pia aling'ang'ania ndoo yake, tena iliyojaa hadi kumwagika. Kwa hiyo shambani ni kilo, mezani ni kopo na ndoo kama zamani. Sioni ubaya wake kwa mteja anayekiona kipimo kwa macho na anayeweza kuvuka hatua tano kwenda meza nyingine. Mkulima aliye mbali, ambaye gunia likishapanda gari haliamuliki tena, ndiye anayehitaji kilo.

Kuna na la mizani yenyewe. Mizani inayotumika kufanyia biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekewa alama. Ya kikundi ilinunuliwa ikaning'inizwa tu. Ikianza kudanganya kwa kilo mbili katika kila kiroba, ugomvi utarudi na mara hii kila mtu atakuwa na namba mkononi. Mwenye meza alilitaja hilo kwa upole, na kikundi hakijalifanyia kazi.

Deni la muuza chipsi bado lipo kwenye daftari. Mpango mpya haukumgusa, na kwa kweli umemfanya kuwa mzito zaidi, kwa kuwa vikubwa ndivyo vyenye bei na vyote vinakwenda kwake. Asipolipa siku mbili mfululizo, mwenye meza hana fedha ya kutuma Uporoto, na wifi aliyeahidiwa kulipwa siku ya mzigo anapiga simu. Suluhisho la mwenye meza limekuwa kumpa ndoo mbili badala ya tatu na kuiuza ya tatu kwa mama lishe anayelipa taslimu, kwa 13,000. Elfu moja ile anaiita bei ya kulala vizuri.

Lakini lililotikisa zaidi lilikuja mwezi wa tatu, viazi vilipojaa kila mahali na bei ikaanguka. Fuso la Dar es Salaam lilipanda hadi kijijini likiwa na fedha taslimu na dalali wa hapohapo. Halikutaka viroba wala kuchambuliwa. Lilitaka lumbesa, nyingi, leo. Wifi aliuza magunia manane kwa lumbesa siku ileile, na viroba vya mjini vikakosekana wiki nzima. Alipoulizwa hakuficha. Ada ya mtoto mwingine ilikuwa imefika, na meza ya mjini inachukua viroba vitatu vinne tu kwa safari, haiwezi kumaliza shamba.

Mwenye meza alikasirika, ingawa safari hii hawakununiana. Alinunua kwa wiki ile kwa watu wengine pale Uyole, lumbesa, akaamka tena alfajiri kuchambua. Katika makubaliano yao hakuna mahali palipotaja siku ya fuso, na ningekuwa mshauri wao ningeanza hapo: wifi awe huru kuuza kwa yeyote mwenye fedha, ila viroba vinne vya meza vitengwe kabla gari halijapakiwa, na dada atume nusu ya fedha yake siku ya kuchimba badala ya siku ya kupokea. Nusu hiyo ni kama 60,000 au 65,000. Kwa mtaji wake, na kwa muuza chipsi yule, itabidi itoke kwenye mchezo, na zamu yake ya kupokea inaangukia mwezi wa tano.